Pumu na Mzio Handeni na Korogwe: Dawa Inayoanza Kabla ya Vumbi

Julai ikishaingia, Handeni hubadilika rangi. Masika yamekwisha, mahindi yamekauka shambani, na udongo mwekundu uliokuwa tope mwezi Aprili umekuwa unga unaoinuka kila bodaboda inapokata kona. Unatua juu ya majani ya miembe, unaingia kwenye mapazia, unalala juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya mihogo ya kukaanga inayouzwa kando ya njia. Lami imefika, ni kweli. Barabara ya kutoka Korogwe hadi Handeni na ile ya Handeni hadi Mkata zote sasa ni za lami, na anayepita kwa basi anaweza kudhani mambo ya vumbi yamekwisha. Ashuke Chanika, aingie mitaani kwa miguu, ndipo atakapoona.

Ni wakati huo chafya zinapoanza. Macho yanawasha, pua inachuruzika maji mepesi yasiyokauka, koo linakereketa, na usiku wa manane mtu anaamka akikohoa, kifua kimebana, kila akipumua kinalia filimbi. Kesho yake atasema ni mafua. Mwingine atasema ni baridi ya kipupwe. Atapita dukani anunue Piriton na dawa ya maji ya kikohozi, atasinzia mchana kutwa, na siku zitapita vumbi likiwa palepale naye akiwa palepale. Mwakani, Julai hiyohiyo, atarudi dukani kununua vilevile.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila nyumba ya Handeni na Korogwe yenye mtu wa namna hii ilijue. Kifua hicho kina msimu, na chenye msimu hujulikana mapema. Watu wa huku wanaijua miezi kuliko wengi wetu tulioko mijini. Wanajua lini wapande, lini wapalilie, lini ndege watashuka kwenye mtama. Ujuzi huohuo hatujauhamishia kwenye kupumua. Tunasubiri mpaka kifua kibane ndipo tuanze kutafuta dawa, tena usiku, tena kwa kukopa nauli.

Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, ni hali ya kinga ya mwili kukosea adui. Kinga iliyowekwa kupambana na vijidudu inakivamia kitu kisicho na madhara kwa wengine: chavua ya nyasi, kinyesi cha wadudu wasioonekana wanaoishi kwenye magodoro, manyoya ya paka, mabaki ya mende. Ikitokea puani, ni mafua ya mzio. Ikitokea kwenye njia za hewa za mapafu, ni pumu: misuli inayozizunguka inakaza, kuta zake zinavimba, ute mzito unazijaza, na hewa inayoingia kwa taabu inatoka kwa taabu zaidi. Pua na mapafu ni njia moja. Ndiyo maana watu wengi wenye pumu wana pua inayosumbua, na pua ikiachwa bila matibabu kifua nacho hakitulii.

Pumu haiambukizi. Nalitaja hili kwa sababu bado zipo nyumba zinazomtengea mgonjwa kikombe chake na kijiko chake, na kuna vijana wanaoficha pumu yao wasije wakakosa mchumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu duniani, na watu 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, ambako ugonjwa huchelewa kutambuliwa na dawa ya kuukinga haiwafikii wote. Vifo hivyo, kwa sehemu kubwa, vinaweza kuzuilika. Hilo ndilo linalouma.

Tuifuate basi miezi yenyewe. Januari na Februari ni kiangazi cha upepo wa kaskazi, joto kali na ardhi kavu. Machi hadi Mei ni masika. Juni hadi Agosti ni kipupwe, asubuhi za baridi, mavuno na upuraji wa mahindi. Septemba na Oktoba vumbi liko kileleni na juu yake unaongezeka moshi, kwa kuwa watu wanachoma mashamba kuyaandaa kwa ajili ya vuli. Kisha vuli yenyewe, Oktoba hadi Desemba, na majani yanaanza upya.

Vumbi la Julai linaonekana kwa macho, hivyo halina ubishi. Kinachowachanganya wengi ni Mei. Mvua imenyesha, ardhi imefungwa na majani mabichi, hakuna vumbi hata kidogo, na bado mtu anapiga chafya mfululizo na macho yamevimba. Wakati huo ukoka na nyasi nyingine zimechanua, mahindi yametoa mbelewele, na hewa imejaa chavua. Watu wakiambiwa ni maua huangalia juu, kwenye miti yenye maua ya kuvutia, wakaushutumu mwembe au mkorosho. Kwa kawaida ua linalowaita nyuki kwa rangi na harufu lina chavua nzito inayonata kwenye miguu ya mdudu, haisafiri mbali na upepo. Wasafirishaji wakubwa ni mimea isiyotazamwa na mtu, nyasi za pembeni mwa njia, zenye maua madogo ya kijanikijivu yanayotikiswa na upepo. Mbelewele ya mhindi mmoja hutoa punje za chavua kwa mamilioni, ila punje za mahindi ni kubwa, nyingi huanguka humohumo shambani au karibu yake. Anayezivuta ni yule anayepita katikati ya mistari akipalilia, au yule ambaye mahindi yamepandwa mpaka chini ya dirisha lake la kulala. Chavua ya nyasi ni nyepesi na huenda mbali.

Daktari mmoja wa Manchester, Uingereza, Charles Blackley, aliyekuwa akiteseka na hali hiyo yeye mwenyewe, alirusha tiara zilizobeba vioo vyenye kunata ili anase chavua iliyo juu angani, na mwaka 1873 akachapisha ushahidi wake kwamba chavua ya nyasi ndiyo iliyokuwa ikiwafanya wenzake waugue kila kiangazi. Mpaka wakati huo watu wa huko walikuwa wakilaumu joto na jua, kama sisi tunavyolaumu baridi. Baridi nayo si ya kusingiziwa moja kwa moja, maana hewa baridi ya alfajiri inaweza kukibana kifua chenye pumu. Lakini hewa hiyohiyo ya Juni ina pia chavua na vumbi la mwanzo wa mavuno, na mtu akijifunika shali bila kushughulikia hayo mengine anakuwa amefanya kazi nusu.

Kule Melbourne, Australia, Novemba 2016, dhoruba ya radi iliikuta hewa imejaa chavua ya nyasi. Punje zilipasuka kwa unyevu zikawa vipande vidogo vinavyoweza kushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na kwa saa chache maelfu ya watu walikimbilia hospitali. Kumi walikufa. Baadhi ya walioathirika hawakujua kabla ya siku hiyo kwamba wana pumu. Walijua tu kwamba wana chafya za msimu. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba chafya za msimu si jambo la kupuuzwa.

Kwa upande wa kaskazini mwa nchi kuna gugu karoti, lililoonekana Arusha mwaka 2010 na limekuwa likienea kwa kasi. Chavua yake na majani yake huwasha ngozi na kuamsha pumu. Mkulima wa Korogwe au Handeni akiliona, kimo cha kiunoni, majani yaliyochanwachanwa kama ya karoti na maua meupe madogo, aling'oe kabla halijachanua, akiwa amevaa glavu na amefunika pua, na atoe taarifa kwa bwana shamba.

Korogwe na Handeni hazifanani kwa hewa. Korogwe iko chini, kwenye bonde la Mto Pangani, kuna joto na unyevunyevu, Milima ya Usambara ikiwa ukuta upande mmoja. Unyevu huo ndio wanaoupenda utitiri wa vumbi la nyumbani na kuvu ya ukutani, kwa hiyo wapo watu wa Korogwe ambao msimu wao hauishi, unazidi na kupungua tu. Na kuna kitu kimoja cha huku ambacho hakitajwi kwenye vipeperushi vya hospitali: sufi. Misufi ipo mingi Tanga. Maganda yake yakipasuka wakati wa ukame, sufi nyeupe huokotwa, hukaushwa na kushindiliwa kwenye mito, na mto wa aina hiyo unaweza kurithiwa kutoka kwa bibi mpaka kwa mjukuu. Mto wa sufi wa miaka kumi na tano ukiupiga juani unatoa moshi. Ndani yake kuna vumbi la sufi iliyokatikakatika na vizazi vya utitiri vilivyolishwa na ngozi za waliolala juu yake. Mtoto mwenye pumu analaza uso wake hapo kwa muda wa saa nane kila usiku. Kumwondolea mto huo, au kuuvalisha foronya ya plastiki au ya kitambaa kizito kilichoshonwa bila upenyo, ni tiba isiyo na gharama kubwa.

Halafu kuna vumbi ambalo ni la Korogwe kuliko mahali pengine popote nchini: vumbi la mkonge. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche michache iliyosalimika safari ikapandwa karibu na Pangani, na kutoka hapo ukapanda bonde lote mpaka Korogwe na kwingineko. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 na kuongoza duniani. Baadaye zao lilianguka, na sasa linainuka tena, huku wakulima wadogo wakilima ndani ya mashamba ya zamani ya Hale, Magoma, Ngombezi, Mwelya na Magunga. Ninafurahi kuona mkonge ukirudi. Lakini ukirudi mkonge, na brashi inarudi.

Asiyepata kuingia kiwandani aelewe kazi inavyokwenda. Majani yaliyokatwa hupita kwenye korona, mashine inayoyaponda na kuyakwangua nyama yake ya kijani kwa maji mengi. Hapo mtu hulowana, hawashwi sana na vumbi. Singa zinazotoka huanikwa juani mpaka ziwe nyeupe, kisha huenda brashi. Mfanyakazi hushika fungu la singa kwa mikono miwili, huliingiza ncha moja kwenye ngoma yenye meno inayozunguka kwa kasi, hulivuta, huligeuza, huingiza ncha ya pili. Singa inatoka imenyooka na inang'aa. Vipande vifupi na unga mkavu wa nyama ya jani vinaruka hewani, vinatua kwenye nyusi, kwenye kope, kwenye kila uzi wa shati. Ukisimama mlangoni jua likiwa linaingia kwa dirisha la juu, utauona mwanga wote ukiwa umejaa vumbi. Wengi hufunga kitambaa puani. Kitambaa hicho huzuia singa zinazoonekana, na huziachia zile ndogo zinazofika mapafuni.

Afya ya vifua vya wafanyakazi wa mkonge imekuwa ikichunguzwa Tanzania tangu miaka ya 1970. Watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walichapisha mwaka 2007 na 2008 matokeo ya kuwapima wafanyakazi wa viwanda vya mkonge nchini. Walikuta kikohozi, chafya, pua kuziba na kifua kubana vikiwa vimewaandama hawa kuliko watu wasiofanya kazi hiyo. Walipopima damu, walikuta sehemu kubwa ya wafanyakazi wana kingamwili za mzio dhidi ya mkonge wenyewe. Mwili umeshaujua mkonge na umeuweka katika orodha ya maadui.

Hapa ushauri wa "epuka vumbi" ni kumtania mtu anayelisha watoto kwa vumbi hilo. Mfanyakazi hawezi kuliepuka; mwajiri anaweza kulipunguza. Mashine za kunyonya vumbi pale penye ngoma, madirisha yaliyopangwa ili upepo utoe hewa nje badala ya kuizungusha ndani, barakoa zenye kichujio halisi zinazobadilishwa zikichafuka, na zamu zinazomtoa mtu brashi kabla hajachakaa: hayo si fadhila. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake na kuwapima, na wakala wa serikali, OSHA, upo kwa kazi hiyo. Tangu Julai 2015 kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaolipa kwa magonjwa yanayotokana na kazi, siyo kwa ajali peke yake. Mtu wa brashi ambaye kifua chake hutulia akiwa likizo na kubana tena akirudi kazini amwambie daktari maneno hayohayo, kwa mpangilio huohuo, na ahakikishe yameandikwa kwenye faili lake. Bila maandishi hayo hakuna madai.

Kwa upande wa Handeni, na Kilindi iliyomegwa kutoka kwake, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu na makarasha yao ya kusagia mawe. Vumbi la mawe si suala la mzio. Ni chembe za silika zinazoyatia mapafu makovu yasiyofutika, na zinakifungulia mlango kifua kikuu. Mchimbaji akikohoa asijitibu kwa dawa za aleji. Na tuseme kwa wote: mwenye kikohozi kinachozidi wiki mbili, hasa kikiambatana na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, apimwe makohozi kwanza. Kipimo cha kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Pumu huja na kuondoka, huzidi usiku na alfajiri, hufuata msimu na hufuata mahali. Kifua kikuu kinakwenda mbele tu.

Nyumbani, ushauri wa vitabu husema piga deki kila siku. Handeni maji yana historia yake. Mradi wa bomba kuu la HTM (Handeni Trunk Main) umekuwepo tangu miaka ya 1970, na bado zipo kaya zinazohesabu ndoo na zinazotegemea malambo wakati wa ukame. Kumwambia mama aliyebeba lita 20 kichwani apige deki mara mbili kwa siku ni kuongea bila kumwona. Lakini maji ya kuoshea vyombo yaliyopoa, yakinyunyizwa sakafuni kwa kiganja kabla ya fagio la chelewa kupita, yanalaza vumbi nusu nzima. Wafanyao hivyo wanajua. Cha kuongeza ni kwamba mwenye pumu asiwe ndiye anayefagia, na asiwemo chumbani kwa muda baada ya kufagia. Kupura mahindi vivyo hivyo: akae upande upepo unakotoka, au kazi hiyo aishike mwingine naye apewe nyingine. Ghala la mahindi lisiwe chumba cha kulala. Najua nyumba ni ndogo na magunia yanaogopewa wezi. Hata pazia zito kati ya magunia na kitanda ni bora kuliko kulala yameegemea mto.

Chandarua nacho kinakusanya vumbi msimu mzima juu ya uso wa aliyelala, na Korogwe, kwa sababu ya malaria, hakuna wa kumwambia asikitumie. Kikung'utiwe nje, kifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila kusuguliwa, kianikwe kivulini. Vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu hutengenezwa vistahimili kufuliwa mara 20 hivi, basi hakuna haja ya kuogopa kukifua kila baada ya miezi michache.

Udi na ubani ni heshima ya nyumba za Tanga, na siwezi kusema vifukuzwe. Vifukizwe wakati mwenye pumu hayupo, au yuko barazani. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara, iwe mbali naye kabisa. Kujifukiza kwa mkaratusi, ambako kulishika kasi nchini mwaka 2020, kunaweza kufungua pua ya mwenye mafua ya kawaida, ila harufu kali na mvuke wa moto vimeshawahi kukibana zaidi kifua cha pumu. Kuhusu moshi wa kuni na mkaa, serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kabla gesi haijafika kila kitongoji, jiko litolewe chumbani na lipewe tundu la moshi juu ya ukuta.

Shuleni kuna tatizo ambalo walimu wanaweza kulimaliza kwa siku moja. Asubuhi watoto hufagia viwanja na madarasa, vumbi linaruka, kisha mchakamchaka. Mtoto mwenye pumu hukohoa, huchelewa, huonekana mvivu, pengine huadhibiwa. Mzazi aende kwa mwalimu wa darasa na barua ya daktari. Mtoto apewe kumwagilia maua badala ya kufagia, akae mbali na ubao wa chaki, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake badala ya kufungiwa kabati la ofisi ambalo ufunguo wake anao mwalimu aliyekwenda semina. Michezo asikatazwe. Akitumia dawa vizuri anaweza kukimbia kama wenzake.

Sasa dawa zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo makosa makubwa yalipo. Pumu ina dawa za aina mbili. Ya kwanza ni ya kufungua, salbutamol, ile pampu ya bluu ambayo watu huiita Ventolin. Inalegeza misuli ndani ya dakika chache, halafu baada ya saa nne au sita nguvu yake imekwisha. Haigusi uvimbe. Ya pili ni ya kukinga, yenye steroidi kidogo ya kuvuta kama beclometasone au budesonide, inayopunguza uvimbe polepole. Hii haitoi nafuu ya papo hapo, kwa hiyo mtu huivuta siku tatu, haoni tofauti, huiacha. Ni dawa ya kutumia ukiwa mzima. Mkulima hasubiri dumuzi amalize gunia ndipo achanganye mahindi na dawa. Huchanganya siku ya kuhifadhi, mahindi yakiwa masafi. Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu, liliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa pampu ya kufungua peke yake, kwa sababu wanaoitegemea hiyo tu wako katika hatari zaidi ya kupata shambulio kali. Anayemaliza pampu ya bluu kila mwezi hajadhibiti pumu, anaifukuzia.

Wengi wa huku hawatumii hata pampu. Wanameza vidonge vya salbutamol, vya bei ndogo, vinavyotetemesha mikono na kuupiga moyo kasi kabla havijasaidia mapafu. Au wanachomwa sindano ya steroidi kila wanapobanwa, au wanameza prednisolone za dukani wiki baada ya wiki. Prednisolone ya siku tano hadi saba kwa shambulio kali, kwa maelekezo ya daktari, inaokoa maisha. Ya miezi inavimbisha uso, inapandisha sukari, inalainisha mifupa na kumdumaza mtoto. Steroidi ya kuvuta ni kiasi kidogo mno kinachokwenda moja kwa moja mapafuni. Mtu akisukutua mdomo baada ya kuivuta, hofu nyingi anazosikia mtaani hazimhusu.

Pampu nayo inahitaji ujuzi. Ukiipuliza mdomoni bila kulinganisha pumzi, dawa nyingi inapiga kooni na kuishia tumboni. Watoto wadogo hawawezi kabisa. Kifaa cha katikati, chemba ya kuvutia, ni ghali na hakipatikani kila duka la dawa. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi hiyo kwa watoto wenye pumu sawasawa na chemba ya kiwandani. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa sabuni ya maji, usiifute ndani, iache ijikaushe. Pasha waya mnene moto, toboa kitako cha chupa tundu la umbo la mdomo wa pampu, lenye kubana. Ingiza pampu, ziba pembeni kwa gundi au plasta isipite hewa. Tikisa pampu, mtoto ashike mdomo wa chupa kwa midomo yake bila kuacha upenyo, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi humohumo mara tano au sita taratibu. Subiri kidogo, tikisa, bonyeza tena. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo, kikombe laini kinaweza kufungwa mbele kama barakoa. Mhudumu wa zahanati akionyesha mara moja, bibi yeyote anaweza.

Kwa pua, dawa za aleji zisizosinzisha kama cetirizine na loratadine zinashinda Piriton kwa mtu anayeendesha bodaboda au kusimamia mashine ya kusaga. Pua inayoziba kila msimu inasaidiwa zaidi na dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ikianzwa wiki mbili hivi kabla ya msimu. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, jioni baada ya shamba au barabara, hakugharimu kitu. Na kuoga kabla ya kupanda kitandani, nywele zikiwemo, kunaacha chavua na vumbi bafuni.

Usiku mbaya hauna subira. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, mbavu zikiingia ndani kila akivuta hewa, akichoka na kusinzia, au filimbi ya kifua ikanyamaza ghafla huku bado anahangaika, hiyo ni dharura. Akae wima, asilazwe. Avute dawa ya kufungua kwa chupa, pampu ikibonyezwa mara nne hadi kumi, na arudie kila baada ya dakika 20 wakati usafiri unatafutwa na njiani, kuelekea kituo cha afya kilicho karibu chenye oksijeni, au hospitali ya Magunga kwa aliyeko Korogwe, au hospitali ya wilaya kwa aliyeko Handeni. Mtu asipande bodaboda peke yake; awepo wa kumshika nyuma. Akitulizwa kwa mashine ya mvuke na kuruhusiwa alfajiri, asiondoke na vidonge vya siku mbili tu. Aombe kuandikiwa dawa ya kukinga na tarehe ya kurudi kliniki, na kwa anayebanwa kila Julai, tarehe hiyo ya mwakani iwe Mei, au kwa kuchelewa sana mwanzoni mwa Juni.